Mufanyakazi wa nyumbani Goma: sheria inamupatia haki gani, na nani anaweza kumusindikiza?

Saa kumi na mbili ya asubuhi, barabara inayotoka Mugunga na Ndosho kuelekea Keshero, Himbi na Katindo inajaa watu wanaotembea mbio. Wengi ni wanawake. Kuna wanaoenda kufua, kuna wanaoenda kupika, kuna wanaoenda kubaki na watoto wa watu. Na kuna wale ambao kazi yao haionekani sana: wanaenda kutunza muzee aliyepooza, mama aliyetoka kupasuliwa, bibi ambaye hawezi tena kwenda chooni peke yake. Tunawaita boyi, yaya, gadimaladi, zamu. Wao wenyewe wanasema tu kama wanatumika kwa watu.

Ni hapo shida inaanzia. Wakubwa wengi, na hata wafanyakazi wenyewe, wanafikiri kama kazi ya ndani ya nyumba ni mapatano ya watu wawili, na sheria haiingii jikoni. Sivyo.

Sheria inahusu nani?

Kazi katika Kongo inaongozwa na Kodi ya kazi, ni kusema sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria nambari 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa kodi hiyo, mufanyakazi ni kila mutu anayetoa nguvu zake kwa malipo, chini ya amri ya mutu mwengine. Walioachwa kando wanatajwa: mahakimu, watumishi wa serikali wenye kanuni yao, askari na polisi. Mutu anayetunza mugonjwa kwa malipo nyumbani mwa watu hakuachwa kando.

Na kama hakuna karatasi?

Kodi inaomba kontra iandikwe. Lakini bosi asipoandika, mufanyakazi hapotezi kitu. Kinyume chake: kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka ushuhuda mwengine uonyeshe tofauti. Mufanyakazi anaweza kuhakikisha kama alifanya kazi kwa njia yoyote: mashahidi, ujumbe wa simu, pesa zilizotumwa kwa simu, jirani aliyemuona kila siku akifungua mulango.

Hata anayeitwa "wa siku kwa siku" analindwa. Kama amekwisha kutumika siku 22 katika miezi miwili, na bosi anamuita tena mbele miezi hiyo miwili iishe, kontra inakuwa ya muda usio na mwisho.

Haki ambazo mara nyingi zinasahauliwa

Masaa. Kawaida ya sheria ni masaa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Wakati wa kazi ni wakati wote ambao mufanyakazi yuko chini ya amri ya bosi. Kwa hiyo gadimaladi anayelala kando ya kitanda na kuamka mara tatu usiku kugeuza mugonjwa, hajalala tu. Iko kazi. Masaa hayo yazungumuzwe mapema, na yaandikwe.

Mapumuziko. Kila juma kuna pumuziko, kwa kawaida siku ya mungu.

Konje. Kisha mwaka mumoja wa kazi, mufanyakazi mwenye kupita miaka 18 anapata siku moja ya kazi kwa kila mwezi aliotumika, ni kusema siku 12 kwa mwaka, na analipwa. Siku moja inaongezeka kwa kila miaka mitano kwa bosi yule yule.

Ugonjwa na uzazi. Bosi ana daraka la matunzo ya hospitali kwa mufanyakazi na familia yake wakati wote wa kontra. Mwanamuke anayezaa anapata majuma 14 ya pumuziko na theluthi mbili za mushahara. Mimba si sababu ya kufukuza mutu.

CNSS. Hii ndiyo kasha ya pensheni na musaada wa jamii, iliyochukua nafasi ya INSS mwaka wa 2018. Mufanyakazi anatoa asilimia 5 ya mushahara wake, bosi anaongeza asilimia 13. Kama bosi anakukata pesa "ya CNSS", muombe nambari yako ya kuandikishwa. Bila nambari, uliza pesa inaenda wapi.

Mushahara. Dekreti ya Mei 2018 iliweka kiwango cha chini kuwa franka 7.075 kwa siku kwa kibarua asiye na ufundi. Kwa siku 26 za kazi, inafika franka 183.950 kwa mwezi. Mwaka wa 2025 serikali iliongeza kiwango hicho. Kwa hiyo mbele ya kupatana na bosi, uliza kiwango cha sasa, usitegemee kile cha zamani.

Kufukuzwa: "usirudi kesho" haitoshi

Kontra isiyo na mwisho haikatwi bila sababu ya kweli: mwenendo wa mufanyakazi, uwezo wake, ao mahitaji ya kazi yenyewe. Bosi anapaswa kuandika sababu hiyo. Kuingia katika sendika si sababu. Kulalamikia bosi mbele ya wakubwa si sababu.

Tena kuna preavi, ile taarifa ya mapema. Ikitoka kwa bosi, haipungui siku 14 za kazi, na inaongezwa siku 7 kwa kila mwaka mutu aliotimiza. Kama mufanyakazi ndiye anaacha, yeye anatoa nusu ya siku hizo. Bosi ambaye hataki mutu abaki kazini wakati wa preavi, analipa siku zile.

Tuchukue mufano. Mwanamuke anatunza mama muzee Himbi. Analipwa dola 130 kwa mwezi, ni kusema dola 5 kwa siku kwa siku 26. Ametimiza miaka mine. Mama anakufa, watoto wanamwambia kisha mazishi: asante, unaweza kwenda. Kazi imeisha kweli, hakuna mutu wa kutunza tena, sababu iko. Lakini preavi yake ni siku 14 pamoja na 28, jumla siku 42: dola 210. Kama hakupewa konje ya mwaka wa mwisho, siku 12 zinaongezeka: dola 60. Mwanamuke huyu aliyeondoka na kitenge na asante, familia ilibaki na deni lake la dola 270.

Kama hakuna sababu yoyote ya kweli, tribinali inaweza kuongeza malipo ya uharibifu, ambayo hayawezi kupita mishahara ya miezi 36. Na kwa mwisho wowote wa kazi, mufanyakazi ana haki ya karatasi inayoshuhudia kazi aliyofanya. Kwa gadimaladi, karatasi hiyo ndiyo inamufungulia nyumba nyingine.

Kuna pia upande wa pili. Bosi akimupiga mufanyakazi, akimutukana vikali ao kumusumbua kimwili, ni kosa zito la bosi. Mufanyakazi anaweza kuacha kazi palepale bila preavi. Asikawie kuandika sababu na kupeleka habari.

Sendika: kwa nini ni ngumu kwa kazi ya nyumbani?

Katiba ya 2006 inahakikisha uhuru wa sendika katika kifungu cha 38, na haki ya kugoma katika kifungu cha 39. Wakati wa Mobutu kulikuwa sendika moja tu, UNTZA, iliyoundwa mwaka wa 1967. Tangu 1990 mutu anachagua: UNTC, iliyotoka katika ile ya zamani, CDT, CSC, na nyingine.

Lakini utaratibu wetu umejengwa juu ya kampuni. Wafanyakazi wa hoteli ao wa kiwanda wanachagua wajumbe wao, na wajumbe wanaongea na mukubwa. Katika nyumba moja ya Katindo kuna mufanyakazi mumoja, pengine wawili na zamu. Watachagua nani? Wataongea na nani, ikiwa bosi ndiye anakula chakula wanachopika?

Kwa hiyo uwakilishi lazima utoke inje ya mulango. Nchi jirani zimeonyesha kama inawezekana. Kenya kuna KUDHEIHA, Tanzania kuna CHODAWU: sendika zinazokusanya watu wa hoteli pamoja na wa nyumbani. Katika nchi hizo mbili, amri za kiwango cha chini cha mushahara zinataja mufanyakazi wa nyumbani kwa jina. Kwa dunia nzima kuna mapatano nambari 189, yaliyopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011, na Guinea, Madagascar na Afrika ya Kusini ziliyakubali.

Hapa Goma mwanzo unaweza kuwa mudogo. Wanawake wa avenue moja wana likelemba yao, wengine wako katika AVEC. Kikundi kinachoaminiana kwa pesa kinaweza pia kutunza majina, tarehe za kuanza kazi na mishahara, kisha kwenda pamoja kwa sendika kuuliza: munapokea watu wa nyumbani? Muchango ni ngapi? Nani atatusindikiza siku ya shida? Mutu mumoja akiuliza maswali hayo, anaogopa. Kumi wakiuliza, wanasikilizwa. Na bosi hana ruhusa ya kumwambia mutu achague kati ya kazi na sendika.

Kulalamika wapi?

Njia ya kwanza ni mukaguzi wa kazi, yule tunamuita ispektere. Hakuna kufika tribinali ya kazi bila kupita kwake kwanza. Anaita pande zote mbili na kutafuta mapatano. Wakisikilizana, inaandikwa na wote wanatia sahihi. Wasiposikilizana, karatasi ya kutosikilizana ndiyo inafungua njia ya tribinali. Pale ambapo tribinali ya kazi haijawekwa, tribinali kubwa ya kawaida inapokea mambo hayo.

Angalia sana muda: kudai mushahara usiolipwa kunakufa kisha mwaka mumoja tangu siku uliopaswa kulipwa. Madai mengine ya kontra yanakufa kisha miaka mitatu. Kungojea kwa heshima kunaweza kukupotezea haki.

Wakati huu wa vita

Tangu M23 ilipochukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, banki zilifunga milango, watumishi wengi wa mashirika ya kigeni waliondoka, na kazi za serikali na za matribinali zikavurugika. Nyumba nyingi zilibaki na zamu peke yake. Vita inaweza kusimamisha kontra kwa muda, lakini haifuti mushahara wa mwezi uliokwisha kufanyiwa kazi. Bosi aliyehama bado ni bosi. Mwandikie kwa simu, taja miezi na pesa, muombe ajibu, na utunze jibu lake. Kama yuko karibu, pigeni hesabu pamoja kwenye karatasi na atie sahihi kwa deni linalobaki.

Na kwa yule anayeanza kazi kesho asubuhi: ununue kaye ndogo. Siku ya kwanza uandike tarehe, jina la avenue, kazi muliyopatana na mushahara. Kila mwezi uandike pesa uliyopokea, siku ulizolala kwa mugonjwa, siku za konje. Usiiache kwa bosi. Siku mutakapokaa mbele ya ispektere, bosi atakuwa na maneno, na wewe utakuwa na kaye.