Chujio na Kipimo: Historia ya Maandalizi ya Mtihani wa Ufahamu wa Kiswahili Kibaha na Kisarawe, 1925–2015

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna wanafunzi wa Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, walivyoandaliwa kwa mitihani ya kusoma na kufahamu tangu zama za ukoloni hadi mwaka 2015. Hoja yake kuu ni kwamba maandalizi hufuata kazi ambayo mtihani umepewa na jamii. Mtihani unaokusudiwa kuchuja humfundisha mwanafunzi kulitafuta jibu. Mtihani unaokusudiwa kupima humfundisha kusoma. Insha inalinganisha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi na mtihani wa kisomo cha watu wazima wa mwaka 1975, na inahitimisha kwamba tatizo la wahitimu wasiojua kusoma, lililojitokeza wazi kati ya mwaka 2010 na 2012, lina mizizi katika historia hiyo.

1.0 Utangulizi

Katika shule za msingi nchini Tanzania, miezi inayotangulia Septemba huwa na shughuli zake maalumu kwa wanafunzi wa darasa la saba. Kuna mtihani wa utamilifu, kuna mitihani ya ujirani mwema baina ya shule jirani, kuna masomo ya ziada ya alfajiri na jioni, na mahali pengine kuna kambi za kitaaluma ambamo watahiniwa hulala shuleni. Karatasi za miaka iliyopita hupitiwa moja baada ya nyingine. Katika somo la Kiswahili, sehemu ya ufahamu huonekana kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa habari yenyewe imechapishwa mbele ya mtahiniwa. Hata hivyo, ni sehemu hiyo inayobeba swali zito: je, mtoto anayepata alama za ufahamu anajua kusoma?

Swali hili lina uzito wa pekee Kibaha na Kisarawe. Kwanza, haya ni maeneo ya Wazaramo na majirani zao Wakwere, ambako Kiswahili si lugha ngeni kwa mtoto anapoanza shule. Hapa udhaifu katika kusoma hauwezi kuelezwa kwa wepesi kuwa ni udhaifu wa lugha. Pili, katika maeneo haya zimesimama taasisi mbili zilizoacha alama katika historia ya elimu ya taifa, yaani Minaki na Shirika la Elimu Kibaha. Insha inategemea sheria, matamko ya sera, historia ya taasisi hizo na muundo wa mitihani yenyewe.

2.0 Kusoma kabla ya Mtihani wa Maandishi

Kabla ya kuwapo mtihani wa karatasi, Uzaramo ulikuwa na desturi mbili za kusoma. Desturi ya kwanza ni ya vyuo vya Kurani. Mtoto alijifunza herufi za Kiarabu, akaziunganisha, akasoma kwa sauti mbele ya mwalimu wake hadi akamaliza msahafu. Kitenzi tunachokitumia leo kwa mwanafunzi anayemaliza masomo, yaani kuhitimu, kimetokana na kukhitimu huko. Kipimo kilikuwa wazi na hakikuwa na mshindani: aliyesoma hadi mwisho amehitimu, hata kama wenzake kumi wamehitimu pamoja naye. Udhaifu wake ni kwamba maana ya maneno yaliyosomwa haikuulizwa katika hatua hiyo. Ilisubiri masomo ya juu ambayo wachache waliyafikia.

Desturi ya pili ililetwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin, ambao katika miaka ya 1890 walifungua vituo Kisarawe na Maneromango. Huko mwanafunzi alisoma herufi za Kirumi, na usomaji uliambatana na maswali na majibu ya mafundisho ya dini. Maana iliulizwa, lakini jibu lake lilikuwa limekwisha pangwa na mwanafunzi alitakiwa alikariri.

Desturi hizi mbili zinastahili kukumbukwa kwa sababu moja. Lawama kwamba mwalimu wa leo anakaririsha huelekezwa mara nyingi kwa mtihani wa kisasa peke yake. Ukweli ni kwamba ukaririshaji ulikuwapo kabla ya mtihani huo. Kilichoongezwa baadaye ni ushindani.

3.0 Minaki na Kuzaliwa kwa Chujio

Mwaka 1925 Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati ilihamisha Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Zanzibar, na kukipeleka Minaki, Kisarawe. Chuo hicho kiliandaa walimu na, baadaye, wanafunzi wa sekondari. Miaka mitano baada ya hapo, mwaka 1930, iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyopewa jukumu la kusanifisha Kiswahili kwa kuegemea lahaja ya Kiunguja. Matukio haya mawili yalikuwa na athari kwa mtihani wa kusoma. Usanifishaji uliwezesha habari moja, yenye tahajia moja, kuwekwa mbele ya watoto wa maeneo mbalimbali. Vyuo vya ualimu navyo vilitoa walimu wa kuifundisha lugha hiyo.

Lakini nafasi zilikuwa chache. Chini ya utawala wa Waingereza, madarasa ya mwanzo yalifundishwa kwa Kiswahili na ngazi za juu kwa Kiingereza, na kati ya ngazi moja na nyingine paliwekwa mtihani wa kuchagua, kwanza darasa la nne, kisha darasa la nane. Kazi ya mitihani hiyo haikuwa kujua ni watoto wangapi wanasoma. Ilikuwa kujua ni nani apandishwe, ilhali idadi ya watakaopandishwa ilijulikana kabla mtihani haujafanyika. Hapo ndipo chujio lilipozaliwa.

Katika mazingira kama hayo, mwalimu mwenye busara hakuwa na sababu ya kumaliza muda wake kwa mtoto anayesitasita kusoma. Alimtafuta mtoto aliye karibu na mstari wa ushindi na kumsukuma auvuke. Sifa ya shule ilipimwa kwa idadi ya waliochaguliwa, si kwa idadi ya waliosoma.

4.0 Mtihani wa Mwaka 1975: Kipimo Kisicho na Mshindani

Baada ya uhuru, taifa lilijaribu njia nyingine, ingawa halikuijaribu kwa watoto. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wilaya sita zilipewa lengo la kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika, mojawapo ikiwa Mafia, katika pwani hiihii. Shule za msingi zikawa vituo vya kisomo: mwalimu aliyefundisha watoto asubuhi alifundisha wazazi wao alasiri. Kampeni za redio za Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975 ziliambatana na vijitabu vilivyosomwa katika vikundi, na wanakikundi wakachimba vyoo au wakapanda mboga kwa kufuata walichokisoma.

Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa kitaifa wa kisomo. Mamilioni ya watu waliufanya. Matokeo yalipangwa katika hatua nne, kuanzia aliyehudhuria tu hadi anayesoma habari fupi kwa ufasaha, kuandika ujumbe na kufanya hesabu za maisha yake. Waliofika hatua ya tatu na ya nne walihesabiwa kuwa wanajua kusoma. Mitihani mingine ilifuata mwaka 1977, 1981, 1983 na 1986. Kwa hesabu za Serikali, kiwango cha watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975, na hadi asilimia 9.6 mwaka 1986.

Takwimu hizo zinaweza kuhojiwa, hasa kwa kuwa viongozi wa ngazi zote walikuwa na hamu ya kuonesha mafanikio. Lakini muundo wa mtihani wenyewe una fundisho. Hakuna aliyeshindwa kwa sababu jirani yake ameshinda. Aliyebaki hatua ya pili alirudi darasani, akaendelea kutoka hapo alipofika. Maandalizi yake hayakuwa na njia ya mkato, kwa kuwa kilichopimwa na kilichofundishwa kilikuwa kitu kimoja: kusoma, kuandika na kuhesabu kwa ajili ya kazi na maisha.

5.0 Darasa la Saba na Kivuli cha Kibaha

Wakati watu wazima wakipimwa kwa hatua, watoto waliendelea kuchujwa. Kuanzia mwaka 1967, kwa kufuata sera ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Mwalimu Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe kamili kwa yenyewe, isiwe maandalizi ya sekondari tu. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria mwaka 1973. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza kutekelezwa kitaifa mwaka 1977. Madarasa yakajaa, lakini nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Chujio likabaki na tundu lilelile huku kinachomiminwa kikiongezeka.

Kibaha ilishuhudia hali hii kwa karibu. Mradi uliofadhiliwa na nchi za Nordiki ulianzishwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukiwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na kituo cha mafunzo kwa wakulima. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Serikali, na Shirika la Elimu Kibaha likaanza. Sekondari ya Kibaha baadaye ikawa miongoni mwa shule za vipaji maalumu, ikipokea wavulana waliofanya vizuri zaidi nchi nzima. Hivyo ndani ya eneo moja kulikuwa na mafunzo yaliyomlenga mkulima jinsi alivyo, na shule iliyomngoja mtoto aliyekwisha kuchujwa. Mtoto wa kijiji cha jirani aliweza kupita langoni kila siku bila jiografia kumsaidia chochote; shule ilikuwa ya taifa, na njia ya kuingia ilikuwa ni karatasi ya mtihani.

Karatasi ya Kiswahili iligawanywa katika sarufi, lugha ya kifasihi, utungaji, ushairi na ufahamu. Muundo wa maswali ya kuchagua jibu uliathiri hasa sehemu mbili. Utungaji ulikuwa kazi ya kupanga sentensi zilizochanganywa katika mfuatano sahihi, bila mtahiniwa kutunga hata sentensi moja. Ufahamu nao ulizaa mbinu inayofahamika kwa kila aliyewahi kuandaa watahiniwa: soma maswali kwanza, kisha rudi katika habari ulitafute neno lililo katika swali, uchague jibu lililo karibu nalo. Mbinu hiyo hufaa kwa maswali yanayouliza nani, wapi na lini. Hushindwa pale swali linapotaka kichwa cha habari kinachofaa, funzo la habari, au maana ya neno kama lilivyotumika, kwa kuwa jibu halikuandikwa mahali pamoja.

Hapa mtoto wa Pwani hana nafuu kubwa kama inavyodhaniwa. Methali anaijua kwa kuisikia barazani, mahali ambapo tukio lenyewe huifafanua. Katika karatasi methali imetengwa na tukio lake, na tukio inabidi lisomwe.

6.0 Chujio Lapasuka, 2010–2015

Mambo mawili yalibadili mjadala. La kwanza ni upanuzi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulisambaza shule za kata. Chujio lililodumu kwa miongo minane likapanuliwa tundu lake kwa muda mfupi, na wanafunzi wengi zaidi wakapita. Udhaifu uliokuwa umefichika kwa watoto waliobaki vijijini ukaingia kidato cha kwanza. Mwaka 2012 Serikali ilikiri kuwa maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia sekondari hawakujua kusoma na kuandika.

La pili ni takwimu. Tathmini ya Uwezo, iliyoanza nchini mwaka 2010, iliwafuata watoto nyumbani kwao na kuwapa silabi, maneno, aya na hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ilibainika kuwa takribani mtoto 1 kati ya 5 wanaomaliza darasa la saba hakuweza kuisoma hadithi hiyo ya Kiswahili. Tathmini hii ilikuwa ndugu wa mtihani wa 1975: ilipima kwa ngazi, na haikumchagua yeyote.

Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulianza kusahihishwa kwa mashine, na masomo yote matano yakawa ya kuchagua jibu moja kati ya matano. Hesabu yake ni rahisi. Kila somo lilikuwa na alama 50, jumla 250, na ufaulu ulianzia takribani alama 100. Mtahiniwa aliyebahatisha kila swali angetarajia, kwa wastani, alama 50, yaani nusu ya safari. Nusu iliyobaki ndiyo iliyotegemea kujua.

Jibu la sera lilikuja mwaka 2015, pale mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipoelekezwa katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na darasa la pili likawekewa upimaji wake. Kwa mara ya kwanza katika historia iliyojadiliwa hapa, mtoto alipimwa kusoma mapema, wakati bado kuna muda wa kumsaidia, na bila kupokonywa nafasi.

7.0 Hitimisho

Historia ya Kibaha na Kisarawe inaonesha kwamba walimu hawakupotoka katika kuandaa wanafunzi. Waliitii kazi ya mtihani. Palipotakiwa kuchuja, walifundisha kushinda. Palipotakiwa kupima, wao haohao, katika madarasa yaleyale, walifundisha kusoma. Kwa hiyo, wito wa kumtaka mwalimu aache mbinu za mtihani hautazaa matunda iwapo mtihani wenyewe unazilipa mbinu hizo.

Insha inapendekeza mambo mawili. Kwanza, maswali ya ufahamu yanayomtaka mtahiniwa ajibu kwa maneno yake mwenyewe yapewe uzito unaoonekana katika alama, ili mazoezi ya kuandika jibu yawe sehemu ya maandalizi. Pili, matokeo ya upimaji wa darasa la pili yatumike kama yalivyotumika ya mwaka 1975: kumrudisha mwanafunzi katika hatua aliyoifikia na kumwendeleza kutoka hapo. Upimaji huo ukianza kutumiwa kupanga shule kwa ubora, utageuka kuwa chujio jingine, na mtoto wa darasa la pili ataanza kufundishwa kulitafuta jibu kabla hajajua kusoma swali.