Watoto wa Bash Street na mchoraji asiye na jina

Kesho kuna testi, lakini nimeishia kusoma katuni. Ni hii ya Waingereza, The Bash Street Kids: darasa la watukutu, akina Danny, Smiffy na Plug mwenye sura yake ile, wanamtoa mwalimu jasho.

Ilianza 1954 kwenye jarida la The Beano, ikiitwa When the Bell Rings. Jina la sasa likaja 1956. Aliyeibuni ni Leo Baxendale, alikuwa na miaka 23 tu, na mwaka mmoja kabla alishamleta Minnie the Minx. Jamaa alikuwa moto!

Sasa sikia. Wachoraji wa D.C. Thomson, kule Dundee, Uskoti, kwa kawaida hawakuweka sahihi kwenye kazi zao. Watoto wanacheka kila wiki, nani kachora hawajui. Mimi hapo ndo roho iliniuma. Mwaka 1962 Baxendale akachoka, akaondoka. Miaka ya 80 akaishitaki kampuni akidai haki za wahusika aliowabuni, kesi ikaburuzwa miaka saba, wakamalizana nje ya mahakama 1987. Alifariki 2017.

Na darasa? Alilichukua David Sutherland, akalichora miaka kama sitini hivi, mpaka kifo chake 2023.