Viwanja vya Maneno

Mwezi Mei 1994, mfanyabiashara wa California aitwaye Gary Kremen alijiandikishia jina la sex.com, na hakulipa hata senti. Enzi hizo daftari la majina ya tovuti za .com lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Network Solutions, iliyoyagawa bure kwa yeyote aliyewahi kuomba. Kremen alichukua pia jobs.com, housing.com na autos.com: kazi, nyumba, magari. Ni orodha ya mtu aliyewahi kusoma kurasa za matangazo madogo madogo gazetini akajua watu wanatafuta nini.

Alichokuwa akikichukua ni viwanja. Mwenye jicho la mbali huweka mipaka porini kabla barabara haijapita, na Kremen aliweka yake kwenye maneno.

Barabara yenyewe ilibadilika mara kadhaa. Mwanzoni ilikuwa vidole tu: mtu anayetaka gari alichapa neno la gari kwenye kivinjari, akamalizia na .com, akasubiri kuona kitakachotokea. Wengine walipitia orodha ya Yahoo, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1994 na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo. Ndani ya kila fungu, tovuti zilipangwa kwa alfabeti. Aliyeanza na A alikaa juu, kwa hila ileile waliyoijua zamani mafundi waliojiita AAA ili watangulie kwenye kitabu cha simu.

Kuanzia Septemba 1995 jina likaanza kulipiwa, dola 100 kwa miaka miwili. Ada hiyo haikumtisha mlanguzi yeyote. Marc Ostrofsky wa Texas alilinunua business.com kwa dola 150,000, na watu wakamcheka. Mwaka 1999 aliliuza kwa dola milioni 7.5.

Kremen naye alikuwa ameibiwa. Mwezi Oktoba 1995 tapeli aitwaye Stephen Cohen alipeleka Network Solutions barua ya kughushi, na jina likahamishiwa kwake bila mwenyewe kuulizwa. Kesi ilikwenda miaka. Mahakama ilimrudishia Kremen jina lake na kumwamuru Cohen amlipe dola milioni 65. Cohen akakimbilia Mexico. Lakini kwa wafanyabiashara wa majina, hukumu nzito zaidi ilikuwa ya mahakama ya rufaa mwaka 2003: jina la tovuti ni mali, na aliyemkabidhi mwizi mali ya mtu anaweza kudaiwa. Viwanja vikawa na hati.

Kufikia hapo Google ilikuwa imeshaingia, na hapa ndipo penye utamu wa hadithi hii. Larry Page na Sergey Brin waliusanifu mtambo wao uamini viungo: tovuti inayoelekezewa na wengi ina uzito. Wakaongeza jambo jingine, kwamba maneno yaliyoandikwa kwenye kiungo chenyewe yahesabiwe kuwa ushahidi wa kile kilichoko upande wa pili. Wazo zuri kabisa. Sasa mfikirie wakala wa bima anayetumia jina la ukoo wake. Watu wakimwelekezea viungo, viungo vinataja ukoo, na mtambo unajifunza jina la ukoo. Jirani yake anamiliki carinsurance.com. Anayemtaja huyu hana budi kuandika bima ya gari, atake asitake, kwa kuwa ndilo jina. Kila kiungo kinampigia debe bure, tena kwa maneno yaleyale ambayo mteja huyachapa akitafuta.

Basi kila mtu akakimbilia maneno. Majina yakarefuka, yakaunganishwa kwa vistari, yakabeba mji, bidhaa na neno la bei nafuu kwa pamoja. Hata Arusha na Moshi utayaona ubavuni mwa magari ya watalii: Kilimanjaro, Serengeti na safari yamebanwa kwenye anwani moja hadi huioni nafasi ya kuvuta pumzi. Sidhani kama ni ubunifu mbaya. Mgeni aliyeko Hamburg halijui jina la mwenye kampuni, ila mlima anaujua.

Walioruka juu zaidi ni QuinStreet, kampuni ya California inayoishi kwa kuyauzia makampuni wateja watarajiwa. Ilinunua insure.com kwa dola milioni 16 mwaka 2009. Mwaka uliofuata ikachukua insurance.com kwa milioni 35.6, kisha carinsurance.com kwa milioni 49.7. Ni zaidi ya dola milioni 100 kwa tovuti tatu zinazosema jambo moja. Tuwe waungwana: hawakununua herufi tupu, walipata pia kurasa na wageni waliokwishazoea kuja. HomeAway, kampuni ya nyumba za likizo, waliolipa dola milioni 35 kwa vacationrentals.com mwaka 2007, walikuwa na sababu nyingine, na bosi wao alikuja kuisema hadharani: hawakutaka washindani wao Expedia walipate.

Walioharibu shughuli ni wale wa vistari. Walifungua tovuti kwa mamia, nyingine hazina ndani zaidi ya aya mbili za porojo na matangazo, lakini zikawa zinawapita wenye maduka ya kweli. Machi 2011 Matt Cutts, aliyeongoza mapambano ya Google dhidi ya hila za namna hiyo, alidokeza kwenye video kwamba uzito wa maneno ndani ya jina huenda ukapunguzwa. Ijumaa ya tarehe 28 Septemba 2012 akatangaza kwenye Twitter kwamba tovuti duni zenye majina yanayofanana neno kwa neno na kinachotafutwa zitashushwa. Alisema ni badiliko dogo, litagusa asilimia 0.6 ya utafutaji wa Kiingereza nchini Marekani. Dogo kwake; lakini mwenye majina mia tano alihesabu tofauti.

Insurance.com haikufa, kwa kuwa ilikuwa na kitu ndani. Na swali la hati lilirudi mahakamani kwa sura nyingine: je, neno la kila mtu likiongezewa .com linaweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja? Kesi ya Booking.com ililifikisha hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 4 Mei 2020, katikati ya korona, majaji walisikiliza hoja kwa simu, mara ya kwanza katika historia ya mahakama hiyo. Mwisho wa Juni wakaamua, wanane kwa mmoja, kwamba inawezekana, mradi wateja wenyewe wanalitambua jina hilo kuwa la kampuni fulani. Aliyepinga ni Stephen Breyer. Hofu yake ilikuwa kwamba wenye majina ya namna hii wamekwisha kufaidika vya kutosha, maana jina moja la tovuti haliwezi kumilikiwa na wawili, na sasa wataanza kuwaandama hata majirani wenye majina yanayokaribiana na yao.