Rhythm 0: Usiku Ule Msanii Aliwaachia Watu Mwili Wake kwa Masaa 6

Kama uko TikTok sana, lazima ushapatana na hii stori: msanii anasimama tuli, watu wanaambiwa wamfanyie chochote, halafu wanageuka wanyama. Stori ni ya ukweli, lakini kuna sehemu huachwa nje.

Ilikuwa 1974, Studio Morra, mjini Naples, Italia. Marina Abramović, mzaliwa wa Belgrade, alikuwa na miaka 27. Aliweka vitu 72 kwa meza: waridi, unyoya, asali, zabibu, mkate, waini, makasi, kiboko, hadi bastola na risasi moja. Karatasi ya maagizo ilisema yeye pia ni kitu, unaweza kumtumia hivyo vingine vile unataka, na lawama yote ni yake. Kuanzia saa mbili usiku hadi saa nane.

Hapo kwa lawama, rudia tena. Nadhani hapo ndipo mambo yaliharibikia. Ushaambiwa hata ukizidisha, hutaulizwa.

Mwanzo ilikuwa poa, wasee wapole tu. Halafu mmoja akajaribu kitu kidogo, wengine wakacheki hakuna noma, wakapandisha. Nguo zikakatwa. Miiba ya waridi ikadungwa tumboni. Mtu akamkata shingoni. Machozi yakatoka, hakusonga. Mwishowe bastola ikatiwa risasi, akashikishwa mwenyewe, ikaelekezwa kichwani.

Sasa hii ndiyo sehemu TikTok huruka. Vita vikazuka, lakini kati ya watazamaji wenyewe. Mbogi ilikuwa ishagawanyika, na kuna upande ulikuwa umeanza kumlinda. Chumba kilekile, maagizo yaleyale. So ukisema watu wote ni wanyama, hao umewaweka wapi?

Saa nane ikafika, Marina akaanza kutembea akiwaelekea watu. Wakahepa. Mtu umemkata shingo akiwa "kitu", utamwangaliaje machoni akiwa Marina?

Ukitaka kulinganisha, cheki Cut Piece ya Yoko Ono, Kyoto, Japani, 1964. Yeye alikaa chini, makasi mbele yake, watu wakipanda jukwaani kwa zamu kumkata nguo. Ukipanda hapo uko solo, ukumbi mzima unakuona, hakuna umati wa kujificha ndani. Alirudia Paris 2003 akiwa na miaka 70, safari hii akisema ni kwa ajili ya amani, na bado watu walipiga foleni na makasi.