Gitare ya Likasi: Nani Alimfundisha Nani?

Tunapotaja ushirikiano wa mataifa katika masomo ya muziki, wengi wetu tunawaza paka njia moja: mwalimu anatoka Ulaya na vitabu vyake, mwanafunzi ni mtoto wa kwetu. Njia hiyo ilikuwako, hatuikatai. Misioni zilifundisha nyimbo za kanisa kwa noti, na mu masomo hayo alitoka Joseph Kiwele, mtungaji wa wimbo wa taifa la Katanga la mwaka 1960. Lakini historia ya mji wetu inaonyesha njia ya pili, na ile njo tunaisahau.

Mwaka 1952 Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Kazi ya shaba ilikuwa imekusanya hapa batu ya makabila mengi, na Kiswahili kikawa lugha ya wote. Mwaka ule Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alikuta hapa kijana mmoja anapiga gitare. Ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Tracey akanasa wimbo wake Masanga.

Siri ya gitare ile ilikuwa vidole viwili: gumba na kidole cha shahada. Gumba linashika sauti za chini, kile kingine kinaimba juu. Ukifunga macho unazani batu ni babili. Ufundi wa namna hii haukutoka mu darasa. Mtu alikaa karibu na mwenzake, akatazama mkono, akakosea, akarudilia.

Kisha safari zikaanza. Diski zilifika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikwenda Nairobi, kwa matangazo ya dawa ya Aspro, na wapiga gitare wa Kenya wakaiga mkono wake. Mwaka 1961 na 1962 David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu huko London, alichapisha miziki ya Mwenda kwa noti mu jarida la African Music. Mwaka 1969 Mwenda alipiga mu tamasha la Newport, Marekani. Na mwaka 1979 John Low, mpiga gitare Mwingereza, alifunga safari mpaka Shaba, jina la Katanga la wakati ule, kutafuta mafundi wa gitare ya zamani na kujifunza kwao. Kitabu cha safari yake kilitoka Vienna mwaka 1982.

Tuangalie vizuri jambo hili. Mtu mzima, anayejua tayari gitare, anatoka Ulaya kuja kutazama vidole vya fundi wa Katanga. Huo pia ni ushirikiano wa mataifa, na hapo mwalimu njo sisi.

Lakini kuko kitu kinauma. Tracey alianzisha mwaka 1954 maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini, na kazi zake zinatunzwa kule. Noti zikachapwa kwa Kiingereza. Mwenda akafa kwa ajali ya barabara nchini Zambia mwaka 1990. Leo mgeni aliye mbali anaweza kujifunza Masanga mu karatasi. Na kijana wa Kikula je? Yeye anapaswa kumpata mtu ambaye bado anaikumbuka mikononi, na mikono ile inapungua kila mwaka.

Tusiwalaumu wageni bure. Bila mashine ya Tracey, labda sauti ya yule kijana wa Jadotville ingepotea kabisa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kumbe kumtunza ni kazi ya wa kwao.

Kwa hiyo, siku mradi mwingine wa muziki utakapofika hapa, tusiulize kwanza unaleta gitare ngapi. Tuulize: unarudisha nini? Sauti zile na noti zile zirudi Kikula, ziwekwe mikononi mwa vijana, na mwa wazazi wao pia, maana gitare haina umri wa kuianza. Na mzee mmoja akae katikati yao. Karatasi inaonyesha kidole kinapita wapi. Mzee njo anajua sababu gani kinapita pale.