Nani alishika upondo?

Najua nimepotea. Mitihani ilinibana, halafu nikakimbilia nyumbani Mafia bila hata kuaga. Nimerudi chuoni juzi nikakuta godoro langu limehamia chumba cha tatu kutoka kwangu, lakini hayo tuyaache. Leo naandika historia, na historia yenyewe ni ya samaki. Msicheke kwanza.

Ilianza hivi. Babu yangu, mzaa mama, macho yamemfifia, mtoto wa jicho pande zote mbili. Nikiwa likizo kazi yangu ya jioni ni kumsomea, na yeye anachotaka ni habari za bahari tu. Siku hiyo nikamsomea ya Florida, Marekani: mwaka 2001 bwana mmoja aitwaye Jim Holland Jr. alivua tarponi wa ratili 202 na nusu, yaani kama kilo 92, kwa chambo cha manyoya. Alikuwa wa kwanza kuvuka ratili 200 kwa uvuvi wa namna hiyo. Mimi nikawa nangoja babu ashangae ule uzito. Wapi! Akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na upondo kashika nani?"

Niliangalia juu, nikaangalia chini ya ukurasa. Hakuna. Basi usiku ule sikulala vizuri, na tangu nirudi nimekuwa nikichimba hilo swali badala ya kusoma vitu vya semina.

Tarponi mwenyewe kwanza. Ni samaki wa Atlantiki, anaweza kuzidi urefu wa mtu, magamba makubwa kama kiganja na yanang'aa kama sufuria mpya. Hupanda juu kuvuta hewa, maana kibofu chake kinafanya kazi kama pafu, ndiyo sababu anaishi hata kwenye maji mazito ya mikokoni. Mmoja alifugwa Shedd Aquarium kule Chicago toka 1935 hadi 1998. Miaka 63, umri wa mjomba wangu! Huku Bahari ya Hindi tunaye ndugu yake, ila mdogo. Akinasa ndoana anaruka juu hewani mwili mzima, anajitikisa, anarudi majini kwa kishindo. Wahenga wetu walisema hasira ya mkizi tijara ya mvuvi. Huyu mambo yake kinyume: akiruka ndiyo mara nyingi anaitema ndoana.

Nyama yake ina miba mingi na Wamarekani wengi hawaitaki. Kwa hiyo kwa mvuvi maskini wa Florida karne ya 19 huyu hakuwa riziki. Aliyetaka kujipima naye alimchoma chusa. Kwamba unaweza kumchosha kwa fimbo na mshipi, watu hawakuamini, mpaka Machi 1885 mgeni kutoka New York, W. H. Wood, alipompata mmoja wa ratili 93 jirani na Punta Rassa, kusini-magharibi mwa Florida. Habari zikaandikwa magazetini, na matajiri wa kaskazini waliokuwa wakikimbia baridi wakapata sababu mpya ya likizo. Hoteli zikafuata. Mwaka 1911 tajiri wa matangazo, Barron Collier, akanunua kisiwa kizima cha Useppa na kukifanya mahali pa wavuvi wa aina yake.

Na boti ya Wood mwaka ule ilikuwa na nani? Na nahodha wa palepale, John Smith. Jina lenyewe kama kusema Juma Ali, ukimtafuta utawapata elfu. Lakini angalau lilibaki.

Kuna mji Texas unaitwa Port Aransas, ambao kabla ya 1911 uliitwa Tarpon kabisa. Pale ipo hoteli ya mbao, Tarpon Inn. Mgeni akipata tarponi wake alibandua gamba moja, akaandika jina na tarehe, likapigiliwa ukutani. Yako maelfu. Hata rais Franklin Roosevelt alivua pale Mei 1937 na gamba lenye saini yake lipo mpaka leo. Mimi nikiwa mwanafunzi wa historia nasema wazi: nyaraka za namna hiyo ningezililia. Ila ukuta ule ni wa aliyeshika fimbo. Aliyeshika usukani mpaka boti ikafika penye samaki hakuulizwa gamba.

Sasa twende kwenye hii ya chambo cha manyoya, maana hapa ndipo upondo wa babu unapoingia. Chambo ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi, hakina uzito wowote. Kinachorushwa hasa ni mshipi wenyewe, mnene, unapepewa nyuma na mbele mpaka unyooke. Huwezi kufanya hivyo kilindini ukabahatisha. Unahitaji maji ya kiunoni, meupe, na umwone samaki kabla yeye hajakuona. Injini inazimwa. Mgeni anasimama omo na fimbo. Tezi, juu ya jukwaa dogo, anasimama mwenyeji na upondo mrefu, anasukuma taratibu bila kugonga ubavu wa boti. Yeye ndiye anayemwona samaki kwanza. Yeye anayejua maji yanajaa au yanakupwa, jua liko wapi, upepo utampeleka mgeni vipi. Anataja upande kwa saa, omo ikiwa saa kumi na mbili ya Kizungu (kwetu saa sita, babu angewapeleka kombo wote hao). "Saa kumi na moja, futi sitini, rusha!" Mgeni anarusha. Akikosa, ni upepo. Akipata, ni yeye.

Lakini nisiwaonee. Visiwa vya Florida Keys wasukuma upondo walianza kupata majina yao wenyewe. Pale Islamorada aliishi Jimmie Albright, aliyewapeleka baharini watu wakubwa kama Ted Williams, yule bingwa wa besiboli. Albright alibuni namna ya kuunga mshipi mnene na mwembamba, na mpaka leo mvuvi popote duniani akifunga fundo hilo analiita Albright. Mkewe Frankee naye alikuwa msukuma upondo, na dada zake wawili, Beulah na Bonnie. Wanawake watatu wa tumbo moja, miaka ambayo kazi hiyo ilihesabiwa ya wanaume! Na Joe Brooks alipoweka rekodi ya ratili 148 na nusu mwaka 1961, aliyemsukuma ni Stu Apte, ambaye baadaye alishika fimbo mwenyewe na kuweka rekodi zake.

Na swali la babu? Nimelipata. Siku ya Holland, Mei 2001, upande wa Homosassa, upondo ulikuwa mikononi mwa Steve Kilpatrick. Kipande cha mwisho cha mshipi kilikuwa cha nguvu ya ratili 20 tu. Samaki wa ratili mia mbili na uzi wa ishirini, boti isipomfuata vizuri unakatika palepale. Nilimpigia babu simu kumwambia. Akasema "Ahaa. Kilpa—nani? Haya, Mungu amjalie," kama mtu aliyepata salamu za rafiki.

Kilichomshinda babu kabisa ni kwamba siku hizi wanamwachia. Florida tangu 1989 ilitaka ulipe dola 50 kama unataka kubaki na tarponi, na 2013 ikakataza kumchukua, isipokuwa kwa kibali cha anayetafuta rekodi. Belize nao walipitisha sheria ya kuwaachia mwaka 2009, na huko wengi wa wasukuma upondo ni watoto wa wavuvi wa kawaida, samaki hai sasa anawalipa kuliko aliyekufa. "Analipa, anamchosha, anamwachia?" babu aliuliza mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anacheka.

Sasa kwa nini nawachosha na haya yote. Babu mwenyewe alifanya kazi hiyo Mafia miaka mingi, akiwapeleka wageni kuvua. Ukutani kwake ipo picha aliyotumiwa kutoka Ulaya: mgeni kashika kolekole, kachekelea, na pembeni kabisa mwa picha unaona mkono mmoja mweusi na kipande cha upondo. Ndiye babu. Nilipopeleka mada hii kwa msimamizi wangu, wavuvi wenyeji na wageni wa likizo, alinijibu kwa upole tu: "Vyanzo vyako viko wapi?" Ijumaa natakiwa nipeleke mada ya mwisho, ama hii ama ile ya reli ambayo kila mtu anaandika.

Vyanzo vyangu ni mzee mmoja asiyeona vizuri. Kabla sijaondoka nilimrekodi kwenye simu, dakika 48. Nikamuuliza yule mgeni wa kwenye picha alikuwa nani. Akafikiri weee.

"Mjarumani," akasema. "Au Mtaliana. Jina sikumbuki, mjukuu wangu."

Halafu, bila kuulizwa, akaeleza dakika kumi na mbili mfululizo: kwamba ilikuwa bamvua, maji yameanza kujaa, upepo wa kusi umelala, wako nyuma ya Chole penye mchanga mweupe, na kolekole alitokea upande wa tezi, mgeni anaangalia kwingine, ikabidi babu amgeuze kwa bega.

Nimeshaanza kuyaandika. Nimefika dakika ya 31. Kesho kipindi saa moja asubuhi, alamsiki.