Tarehe ya Diski katika Nchi ya Ukambani

Msafiri ashikaye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, kisha Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed aliyetawala Unguja tangu mwaka 1896 hata 1902, zama reli ilipokuwa ikipasua nyika. Na akiwa ni mtu wa kutazama, atang'amua kwamba njia hiyo imeikata nchi ya Makueni toka ncha hata ncha, na kwamba shehena ziendazo bara hupita hapo usiku na mchana bila ya kufunguliwa. Kabla ya reli haikuwa hivyo. Wakamba wenyewe ndio waliokuwa mabwana wa misafara, wakiteremsha pembe za ndovu pwani na kurejea na nguo na shanga, na Kivoi, tajiri wa Kitui aliyempokea Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa mtu aliyezoea kuongoza biashara hiyo mwenyewe. Kompyuta lakini ziliingia kwa desturi nyingine: nyingi zilishushwa Mombasa, zikapita Makueni zimefungwa, zikafunguliwa Nairobi na kupangwa madukani, kisha zikarudi Wote, Kitui na Mwingi katika buti la matatu, zimeviringishwa blanketi, na bei yake imekwisha kupanda.

Hizo hazikuwa mashine mpya, wala hakuna aliyedai kuwa ni mpya. Zilikuwa zile ambazo Wakenya wameziita ex-UK, yaani kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya, Dell OptiPlex na HP Compaq kwa wingi, ambazo makampuni ya huko huzitoa kila baada ya miaka michache, si kwa kuwa zimeharibika, bali kwa kuwa muda wake katika madaftari umetimia. Kwa upande wa shule, jumuiya ya Computer for Schools Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilifanya kazi ya kukusanya mashine za hiba, kuzitengeneza upya na kuzigawa. Na palipokuwa na taipureta chini ya mwembe au kibarazani karibu na mahakama, ambapo karani alikuwa akiwapigia watu chapa barua za ardhi na maombi ya kazi, pakaota vyumba vya saiba. Hata nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika mwaka 2009, na serikali nayo ikaanza kuhamishia huduma zake katika eCitizen na iTax, chumba hicho kikawa ni ofisi ya pili ya serikali kwa mtu asiye na kompyuta nyumbani.

Basi ndani ya kila moja ya mashine hizo mlikuwa na diski izungukayo, na tarehe ya chombo hiki yafaa kuelezwa kwa kituo. Diski ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa duniani ilitoka kwa IBM mwaka 1956, ikaitwa RAMAC: sahani 50, kila moja ina upana wa inchi 24, uzito wake wapita tani, na pamoja na ukubwa huo wote ikihifadhi herufi milioni 5 tu, kiasi ambacho leo hakitoshi picha mbili za simu. Miaka ilivyozidi chombo kilipungua kimo na kuongezeka uwezo, illa asili yake haikubadilika. Ni sahani izungukayo mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kichwa cha kusomea kinachoelea karibu mno hata chembe ya vumbi ni jabali kwake. Kiwanda huifunga barabara ili vumbi lisiingie, na katika ofisi ya London yenye hewa baridi na stima isiyokatika, chombo cha namna hiyo huishi maisha yake kwa salama.

Kitui si London. Ardhi yake nyekundu huingia kila mahali, ikaziba mapezi ya feni na kuvika madabodi shuka ya vumbi, na joto likishindwa kutoka huirudia diski na vyombo vyote vilivyo jirani yake. Fauka ya hayo, stima hukatika ghafula, ikarudi, ikakatika tena, na kila mara kichwa cha diski hulazimika kukimbilia maegesho yake hali sahani ingali ikizunguka. Kwa hiyo fundi wa Ukambani aliijua mapema sauti ile ya tik, tik, tik itokayo ndani ya sanduku, na akajua maana yake.

Lakini hata diski iliyo nzima ilikuwa imekwisha kuwa mzigo. Mtu na aingie saiba yoyote ya Wote tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka hesabu za kodi: walimu, askari na wenye maduka wamejipanga hata nje ya mlango, na kijana mwenye chumba amebonyeza mara moja, akangoja, ilhali taa ndogo ya diski mbele ya sanduku imewaka mfululizo bila ya kupepesa. Watu husema kompyuta imezeeka. Mimi nasema neno hilo ni dhuluma kwa mashine. Bongo lake, ambalo huenda ni la mwaka 2010, limekaa bure likingoja sahani izunguke na kichwa kihame. Kwa maana diski ya zamani huchukua takriban milisekunde 10 na zaidi kukipata kipande kimoja tu cha habari, na programu za leo huomba maelfu ya vipande kwa wakati mmoja.

Dawa yake ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa zamani. Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba, Japani, walitangaza mwaka 1987 ile memori ya flashi iitwayo NAND, ambayo huhifadhi habari kwa chaji za umeme zilizofungiwa ndani ya kipande cha silikoni, hapana kizungukacho wala kisogeacho. Na mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, iliyokuja kuitwa SanDisk, ikauza diski ya flashi isiyozunguka, yaani SSD, ya megabaiti 20 kwa dola 1,000 hivi. Kwa bei hiyo, nani wa Mutomo angalithubutu kuinunua? Na hata hivyo, jambo la kupendeza ni kwamba memori hii iliwafikia watu wa Kitui na Makueni kabla hawajasikia jina la SSD, kwa mlango wa muziki: kijana akipeleka memori kadi yake dukani sokoni ajaziwe benga ya Kikamba, alikuwa akitumia sanaa ile ile ya Masuoka, na vishikwambi walivyopewa watoto wa darasa la kwanza kuanzia mwaka 2016 navyo vilikuwa na memori ya jinsi hiyo. Kompyuta ya mezani ndiyo iliyochelewa.

Sasa bei imeshuka, na swali limekuwa ni la kuchagua, ambalo haliwezi kujibiwa pasipo kujua umri wa tundu. Mashine zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2003 hutumia kebo pana bapa ya IDE, na hizo sishauri mtu azitie gharama. Zilizofuata zina tundu la SATA, ambalo toleo lake la kwanza lilipitisha megabaiti 150 kwa sekunde, la pili 300, na la tatu, lililotangazwa mwaka 2009, 600. Muuzaji atamwambia mnunuzi kwamba SSD yake yakimbia megabaiti 500 na zaidi, na kwamba katika mashine ya tundu la pili nusu ya mbio hizo itapotea. Ni kweli, wala si hoja. Faida kubwa ya SSD haimo katika kumwaga faili moja kubwa, bali katika kuvipata vile vipande vidogo vilivyotawanyika, na hapo hata tundu la pili latosha kabisa.

Almuradi asirubuniwe na SSD nyembamba za mfano wa kijiti zitumiazo NVMe, maana mashine nyingi za kabla ya mwaka 2014 haziwezi kuwashwa kutoka humo hata kwa adapta. Imfaayo ni ile ya SATA ya inchi 2.5, ya gigabaiti 240 au 480. Nafasi ya diski ya zamani ni ya inchi 3.5, kwa hiyo itapwaya. Mafundi wengi huibandika kwa gundi ya utepe kwenye ubavu wa sanduku, na kwa kuwa hapana kitikisikacho ndani yake, haidhuriki. Kabla ya kupakia mfumo, aingie BIOS na kuigeuza hali ya tundu kutoka IDE kuwa AHCI.

Wapo wanaoiogopa SSD kwa kusikia kwamba huchakaa kwa kuandikwa. Huchakaa, naam, lakini SSD ya bei nafuu kama Kingston A400 ya gigabaiti 240 huahidiwa terabaiti 80 za kuandikwa, na saiba iandikayo gigabaiti 20 kila siku itachukua karibu miaka 11 kuzimaliza. La kuogopwa zaidi ni bandia: kifuko chepesi chenye jina kubwa, kinachojitangaza kuwa na terabaiti 2 kwa bei ya mlo, na ndani yake mna kadi ndogo iliyodanganywa ijitaje kubwa. Fundi mwaminifu huijaribu kwa programu ya H2testw mbele ya mwenyewe, na duka la haki hutoa risiti.

Huko Malili, katika ardhi ya Makueni, ambako Rais Kibaki aliweka jiwe la msingi la mji wa teknolojia wa Konza Januari 2013, serikali imejenga ghala la data la taifa, na ni fahari kwa nchi. Lakini si mbali na hapo zimo maabara za shule ambazo mashine zake zimefunikwa mifuko kwa kuitwa mbovu, ilhali zimekosa kipande kimoja tu. Mwalimu mkuu ajue pia kwamba Windows 10 iliachwa bila ulinzi tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mashine nyingi za zamani kama hizo hazikubaliwi na Windows 11. Basi zipakiwe Linux, ambayo hailipiwi. Na diski ya zamani, ikiwa nzima, isitupwe. SSD iliyochakaa ikikaa mwaka mzima bila umeme katika joto la Kibwezi huweza kusahau ilichopewa, ilhali sahani ya sumaku hukumbuka. Kwa hiyo mitihani, hesabu za karo na orodha za wanafunzi zinakiliwe humo kwanza, kabla ya skurubu ya kwanza kufunguliwa.